Patasi Iliyojikunja: Nani Humpimia Mnunuzi wa Nakuru?

*Sheria ipo, stika ipo, taasisi zipo. Mbona ubora wa chuma bado tunaujua baada ya kulipa? Mwalimu mstaafu wa useremala anaandika kutoka kibandani mwake Lanet.*

PATASI mpya ya inchi moja ilijikunja ncha kabla tundu halijafika nusu. Mbao yenyewe haikuwa mvule wala mtarakwa. Ilikuwa saiprasi ya Elburgon, mti ambao hata kisu cha jikoni kikinolewa vyema huuchonga. Kazi ilikuwa fremu ya mlango wa banda la kuku, Jumamosi asubuhi.

Nikachukua tupa. Kipimo hiki ni cha kale na hakina gharama. Unapitisha tupa taratibu juu ya makali ya chombo, bila kukandamiza. Chuma kilichotiwa maji kikaiva huikataa tupa; inateleza juu yake ikitoa sauti nyembamba, na alama haibaki. Chuma laini huikubali. Tupa inauma, na unga unaong'aa unadondoka mezani.

Patasi yangu ilitoa unga tele. Shingoni ilikuwa imepigwa chapa inayotangaza kwamba ni aloi ya kromiamu na vanadiamu.

"Guka, si hii ushaitumia?" akaniuliza kijana wa duka nilipoirudisha, huku akionyesha ukutani. Pale palibandikwa karatasi: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Hakuwa na ujeuri wowote. Yeye pia hakujua patasi ile imetengenezwa na nani. Boksi lilitoka Nairobi, na Nairobi liliingia na kontena.

Mhariri alikuwa ameniuliza swali fupi: kwa nini vifaa vya siku hizi havidumu? Alijua nilifundisha useremala hadi kustaafu na kwamba sasa kutwa nashinda na randa, kwa hiyo nadhani alitarajia malalamiko ya mzee. Malalamiko ninayo. Ila swali lenyewe limekaa upande. Vifaa vinavyodumu vipo hata leo, tena vizuri kuliko vya zamani, na vingine vinatoka Uchina hiyo hiyo tunayoilaumu. Kilichopotea ni uwezo wa mtu wa kawaida kutofautisha hiki na kile akiwa bado dukani, pesa zikiwa bado mfukoni.

Mji uliozoea kushika chuma

Nakuru ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini kabla ya majengo marefu ulikuwa mji wa grisi. Reli iliyotoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1900 ikielekea Ziwa Victoria, na baadaye Nakuru ikawa njia panda: huku Kisumu, huku Eldoret hadi Uganda. Penye njia panda ya reli hapakosi watu wa kutengeneza.

Mashamba nayo yalikuwa na mahitaji yake. Njoro, Molo na Subukia kulikuwa na matrekta, plau na mashine za kukamua. Egerton ilianza Njoro mwaka 1939 ikiwa shule ya kilimo, na mkulima asiyejua kufungua nati za plau hakuwa mkulima kamili. Ujuzi ule ulimwagika kutoka karakana na mashamba hadi vibanda vya mitaani.

Vifaa vyenyewe vilikuwa vichache. Hadi mapema miaka ya 1990 kuagiza bidhaa kutoka ng'ambo kulihitaji leseni, na fedha za kigeni zilidhibitiwa. Dukani ulikuta randa za Stanley na jiliwa za Record, zote za Sheffield, Uingereza. Ukitaka panga, lilikuwepo la Martindale lenye nembo ya mamba. Mwenye duka alikuuliza unataka kufanyia kazi gani kabla hajakupa.

Tusizipake rangi siku hizo, hata hivyo. Randa ya chuma ilikuwa mali ya shule, ya reli au ya kampuni. Fundi wa mtaani aliazima, au alijichongea randa ya mbao na kutia ulimi wa chuma aliofua mwenyewe. Biashara ilipofunguliwa mwaka 1993 na leseni zikaondolewa, mafundi wengi walipata kwa mara ya kwanza drili ya umeme waliyoweza kuilipia. Anayetaka turudi nyuma awaulize kwanza hao.

> Drili ya bei nafuu ilimfanya kibarua awe fundi mwenye kazi yake. Hilo halifutiki kwa sababu drili hiyo ilikufa mapema.

Shuleni nako kulikuwa na jambo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, useremala na ufundi wa chuma viliingia katika masomo, na wazazi wakachanga harambee kujenga karakana. Watoto walileta nyumbani miiko iliyopinda na vigoda vya miguu mitatu visivyokaa sawa. Tuliwacheka, lakini mtoto yule alijua msasa ni nini na patasi butu inauma vipi.

Mageuzi ya mtaala mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliyapunguza masomo hayo. Karakana nyingi zikawa stoo za madawati mabovu. Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 umerudisha kazi za mikono kwenye vitabu, mabenchi yanasubiriwa. Kizazi kilichopita katikati hapo ndicho kinachouza na kununua vifaa leo, na wengi wake hawajawahi kuishika tupa.

Paka alipohama

Mwenyeji wa Nakuru hawezi kuandika juu ya bidhaa na nyakati bila kutaja kiwanda cha betri. Kilijengwa mwaka 1967. Betri zake za Eveready zenye nembo ya paka ziliwasha redio na tochi kote nchini, na mwaka 2006 kampuni iliuza hisa kwa umma katika Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2014 ikatangaza kufunga kiwanda. Karibu watu 100 walipoteza kazi, na betri zikaanza kuagizwa kutoka nje.

Kampuni ililaumu betri za bei ya chini na za kughushi zilizojaa sokoni. Ni kweli zilikuwepo. Ninazikumbuka zikivuja ndani ya redio ya marehemu mama na kula springi zake. Lakini kuna upande wa pili. Wakati huo huo tochi ilikuwa imeingia ndani ya simu, taa za sola zilikuwa zimefika Kuresoi, na nyaya za umeme zilikuwa zikisogea vijijini. Hata kama kila betri sokoni ingekuwa halali, familia iliyokuwa ikinunua betri nne kubwa kwa mwezi ilikuwa imeacha.

Kwa hiyo nikisikia mtu akisema feki ziliua Nakuru, nasita. Feki ziliua kipande. Kipande kingine kiliuawa na maendeleo tuliyoyapigia makofi.

Kabla ya Uchina palikuwa na Ujerumani

Vijana wangu wa zamani hushangaa nikiwaambia kwamba Sheffield yenyewe iliwahi kulia machozi haya haya. Katika karne ya 19 visu na mikasi ya bei rahisi kutoka Solingen, Ujerumani, vilikuwa vikipigwa chapa ya Sheffield na kuuzwa Uingereza. Bunge la huko likapitisha Sheria ya Alama za Bidhaa mwaka 1887, na bidhaa za kigeni zikatakiwa kuonyesha zilikotoka. Kusudi lilikuwa kuwaaibisha Wajerumani. Baada ya muda alama ile ikageuka kuwa sifa, na leo mtu akiona neno Ujerumani kwenye msumeno anaongeza bei mwenyewe.

Japani nayo ilipitia njia hiyo. Bidhaa zake zilidharauliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na sasa hapa Nakuru mtu akikuuzia injini iliyotumika ya Japani huongea kana kwamba anakuuzia dhahabu.

Wala kufupisha maisha ya bidhaa makusudi si ujanja wa juzi. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu wa Ulaya na Marekani waliunda muungano wa Phoebus mjini Geneva, wakakubaliana balbu isizidi takriban saa 1,000, hali kulikuwa na balbu zilizodumu zaidi. Ambaye balbu zake zilizidi hapo alitozwa faini. Hao hawakuwa watu wa kontena za Mombasa.

Ndiyo maana simwoni Mchina kama adui wa hadithi hii. Kiwanda hutengeneza anachoagiza mteja, na mteja huyo ni mwagizaji wetu, ambaye amepiga hesabu kwamba wewe na mimi tutatazama bei kwanza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuwa wameona boksi la plastiki lililochapishwa rangi vizuri.

Upande wa duka, upande wa kibanda

Nilizunguka mjini nikiwasikiliza wauzaji. Hoja yao ina uzito kuliko tunavyotaka kukiri. Wanasema wakiweka patasi nzuri ya bei mara tano, itakaa rafuni hadi ipate kutu. Mteja anataka kumaliza kitanda kimoja alipwe. Kodi ya duka haisubiri. Na bidhaa ikirudishwa, msambazaji wa jumla Nairobi haipokei, kwa hiyo hasara inabaki kwa mwenye duka dogo.

Mafundi wa jua kali wana jibu lao, na ni jibu la moto. Barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Malaba inapita katikati ya Nakuru, na malori yanayopita Salgaa huvunja springi kila uchao. Bapa la springi iliyovunjika ni chuma chenye kaboni ya kutosha kushika makali. Kutoka humo hutoka patasi, mashoka na majembe.

Nimesimama mara nyingi kando ya tanuri kuitazama kazi hii, na bado hainichoshi. Fundi hukipasha chuma hadi kiwe chekundu, kisha hukigusa kwa sumaku. Sumaku ikishika, bado. Ikiacha kushika, chuma kimefika, nacho hutumbukizwa kwenye oili chafu ya injini. Hapo kimekuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Hivyo hukisugua king'ae, halafu hukirudisha kwenye joto dogo akitazama rangi ikitambaa juu ya chuma: kwanza rangi ya majani makavu, kisha kahawia, zambarau, na mwisho buluu. Patasi hukatizwa kwenye rangi ya majani makavu, karibu nyuzi 230. Ikifika buluu imerudi kuwa springi.

> Sumaku, oili chafu na jicho. Kwa vitu hivyo vitatu fundi wa kibandani hupata patasi ambayo tupa huteleza juu yake.

Sio wote wafanyao hivyo. Wapo wanaofua patasi kutoka nondo ya ujenzi, chuma ambacho hata ukikitia maji mwaka mzima hakigeuki. Ukiipaka rangi nyeusi inafanana na ya springi. Ukiigusisha kwenye jiwe la grainda, ya springi hurusha cheche fupi zinazopasuka matawi matawi, na ya nondo hurusha mistari mirefu isiyopasuka. Mnunuzi wa kawaida haendi sokoni na grainda.

Malighafi nayo ina siasa zake. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, Serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu. Marufuku iliondolewa Mei. Kwa muda huo fundi asiyehusika na nguzo yoyote alikosa chuma halali. Wenzetu wa mbao walipata dozi ndefu zaidi: ukataji miti katika misitu ya umma ulisimamishwa Februari 2018, na ni Julai 2023, Rais William Ruto akiwa Molo, ndipo alipotangaza kuuondolea kizuizi. Elburgon, mji uliojengwa na viwanda vya mbao, haujasahau.

Feki si sawa na hafifu

Hapa ndipo mjadala wetu huchanganyikiwa. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 ina meno: anayepatikana na hatia mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka mitano au kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya bei ya bidhaa halisi. Lakini inalinda hasa jina la mwenye chapa. Ukiuza randa ukaiandika Stanley na si Stanley, umekosea hapo.

Patasi yangu haikuiga mtu. Ilikuwa na jina lake asilolijua mtu yeyote. Kosa lake ni kwamba ilidanganya kuhusu chuma chake, na hilo ni suala la viwango, si la chapa. Viwango ni kazi ya KEBS, shirika lililoanzishwa mwaka 1974, ambalo tangu mwaka 2005 huhitaji bidhaa nyingi zikaguliwe katika nchi zinakotoka kabla ya kupakiwa melini. Mnunuzi anaweza hata kutuma ujumbe mfupi kwa nambari 20023 kuthibitisha alama ya ubora.

Utaratibu huo ni mzuri kwa unga na maji ya chupa. Kwa vifaa vya kazi, nauona ukipwaya. Stika ya alama hiyo nayo huigwa. Na hata ikiwa halali, haimwambii fundi anachotaka kujua: ugumu wa chuma, unene halisi wa waya ndani ya plastiki, kama mabati ya geji 30 kweli yana takriban milimita 0.3. Ukiwa na kalipa utajua kwa sekunde chache. Muulize muuza mabati kama anayo.

Hatari si ya mfuko pekee. Tazama diski ya kukatia chuma. Ile ya inchi nne na nusu iliyotengenezwa vizuri huandikwa mizunguko isiyozidi takriban 13,300 kwa dakika, na pete ya chuma katikati hupigwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa sababu gundi inayoshika chembe huzeeka. Wengi hawajui kwamba diski ina tarehe. Iliyokaa miaka rafuni ikinyonya unyevu inaweza kupasuka usoni mwa mtu ikizunguka kasi hiyo, na mafundi wetu wengi huvaa miwani ya jua, kama wamevaa yoyote.

Karatasi ya ukutani haina nguvu

Turudi kwa ile karatasi ya bidhaa hazirudishwi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari, na haki ya fidia. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi ubora unaokubalika hata kama hakutamka neno, na masharti yanayojaribu kuifuta ahadi hiyo ni batili. Kwa maneno mengine, karatasi ile ni pambo.

Mahakama ya Madai Madogo nayo ipo kwa sheria ya 2016. Hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, bila ulazima wa wakili. Sasa fikiria fundi wa Kaptembwo aliyenunua patasi ya shilingi 250. Nauli, kibarua cha siku, foleni. Atainunua nyingine. Wauzaji wanalijua hilo, na hesabu yao imesimama juu yake.

Ndiyo sababu naona mzigo umekaa begani pasipofaa. Mwenye uwezo wa kupima chuma ni mwagizaji wa kontena zima, kwa kuwa gharama ya kupima patasi moja kati ya elfu kumi ni ndogo. Tumemwachia kazi hiyo anayenunua moja, kwa simu yenye salio la kukopa.

Kilichofungwa kwa gundi

Chombo cha zamani kilikuwa na skrubu. Leo nikifungua drili ya betri mara nyingi nakuta pande mbili zimeunganishwa kwa gundi au kwa skrubu zenye vichwa visivyolingana na bisibisi yoyote mtaani. Kila kampuni ina umbo lake la betri, kwa hiyo betri ikichoka unanunua drili nzima. Nyingi huishia Gioto, jaa letu la taka kwenye mteremko wa Menengai, ambako waokotaji huzipasua kutafuta shaba.

Ulaya wameanza kushtuka. Januari 2021 Ufaransa ilianza kulazimisha baadhi ya vifaa, vikiwemo simu, mashine za kufulia na za kukatia nyasi, kuandikwa alama juu ya kumi ya urahisi wa kutengenezeka. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 agizo la haki ya matengenezo, na nchi wanachama zikapewa hadi tarehe 31 Julai 2026 kulitekeleza. Sisi tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayomtaka mwenye kuingiza bidhaa sokoni awajibike nayo hata inapokuwa taka. Hatua njema. Lakini inamshika mlangoni pa jaa. Ingemshika mapema zaidi, akiwa bado anauza, kama ingemtaka aweke spea.

Chukua brashi za kaboni, vipande viwili vidogo vinavyopeleka umeme kwenye mota ya grainda. Vimeumbwa ili viishe. Ndiyo kazi yao. Vikiisha, grainda huzimika na mwenyewe hudhani imekufa. Maduka mengi yanayouza grainda hiyo hayana brashi zake. Mafundi wa mota mjini hapa wamejitafutia njia: hununua brashi kubwa za mashine nyingine, huzisugua kwenye msasa hadi ziingie, hurudishia springi, na grainda huondoka inanguruma.